Balozi Aliyesema Hasikii

Ukitaka kujua kama mtu anasikia, usimtazame masikio. Mtazame shingo. Mdomo unaweza kuzuiwa na macho yanaweza kuzoezwa kutulia, lakini shingo ya mtu aliyesikia kitu nyuma yake lazima ikaze kidogo. Hayo niliyajua katika miezi miwili niliyomchunguza balozi wetu wa nyumba kumi, aliporudi kutoka Moshi kupasuliwa sikio, kichwa kimefungwa bendeji mpaka chini ya kidevu. Sijivunii ujuzi huo. Nawaambia ili mnijue mapema: mimi ni mtu wa kushuku. Hata mtu akimsifia mwanangu, najiuliza anataka nini.

Jina lake silitaji, na hata enzi hizo hakuna aliyelitumia. Alikuwa Balozi tu, na mkewe Mama Balozi, ingawa walikuwa na watoto sita ambao wangeweza kuwapa majina. Nyumba zetu kumi zilikuwa upande wa Babati unaoelekea Bonga, nyuma kidogo ya barabara ya Dodoma, na kila jambo letu lilipita mlangoni kwake. Unasafiri, barua ya Balozi. Umepata mgeni, Balozi aambiwe. Sukari imefika dukani, nusu kilo kwa kaya, jina lako liwe kwenye orodha ya Balozi. Ilikuwa miaka ile ya shida, watu wakipanga mawe kwenye foleni ili yawashikie nafasi, na mtu anayeshika orodha ya sukari huwezi kumpenda kwa moyo wote. Unamheshimu huku unamkagua.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti moja la kijivu alilovaa mvua na jua. Kiswahili chake kilikuwa cha kutoka milima ya Mbulu, kizito kooni, na alikitoa polepole. Kabla ya kuandika barua alijaribu kalamu kwenye kiganja, kwa hiyo kiganja chake cha kushoto kilikuwa na michirizi ya wino wiki nzima, hata kanisani. Ukimharakisha, alifunika kalamu na kuanza upya kukuuliza habari za nyumbani.

Kwenye ugomvi alikuwa na neno moja: "Hilo tulilaze." Mtu na mkewe wangefika wameshikana mashati, mmoja ana jeraha la mwiko, naye angewasikiliza amesimama, halafu aseme, "Hilo tulilaze," na kufunga mlango. Asubuhi aliwangoja. Mara nyingi hawakuja. Watu waliita hiyo busara. Mimi niliita uvivu, na nilimwambia hivyo Mama Balozi, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

Kitu kingine kilichonikera ni kwamba hakuwa akiingia kwenye nyumba za watu. Umpikie chai, umfutie kiti, umwambie karibu ndani Balozi, yeye anasimama kizingitini na kusema, "Hapa panatosha." Alikunywa chai mlangoni, akaeleza habari mlangoni, akaaga mlangoni. Katika miaka yote hiyo sikumwona ameketi chini ya paa langu hata mara moja. Nilijiambia mtu asiyetaka kukaa kwako ana lake jambo.

Na hakuwa mtu wa kunyooka kama alivyotaka tuamini. Aligombeza wanaume wanaokunywa pombe kabla ya saa sita, naye Jumapili akitoka ibadani alikuwa na kibuyu chake kidogo nyuma ya nyumba. Siku moja alimwona mkewe amesogeza jiwe lake mbele kwenye foleni ya mafuta ya taa, akalichukua kwa mkono wake mwenyewe na kulirudisha mwisho, watu wote wakitazama. Lakini ulipokuja ule unga wa yanga, wa mahindi ya njano ya msaada, orodha yake ilikuwa na kaya iliyohama miezi mitatu nyuma. Nilijua kwa sababu walikuwa majirani zangu. Unga wao aliupata mama mjane wa nyumba ya mwisho, aliyekuwa na wajukuu watano. Niliiweka habari hiyo akilini, nikisema siku akinigeukia nitakuwa na cha kumtupia.

Nilikuwa na sababu ya kuwaza hivyo. Mume wangu, Baba Eliza, alikuwa dereva wa lori la shirika, na kwenye safari zake za Namanga, mpakani, hakurudi mikono mitupu. Chini ya kihenge chetu cha mahindi tulikuwa tumechimba shimo, na ndani ya shimo kulikuwa na maboksi manane ya sabuni. Leo mtu atacheka. Wakati huo tulikuwa tunafua kwa majivu na majani ya mpapai, na mtu aliyekutwa na maboksi manane alikwenda jela. Baba Eliza alikuwa hakai nyumbani, na mimi nililala na lile shimo peke yangu.

Basi ikaja amri: kila balozi aende kwa mtendaji wa kata, aseme nani katika nyumba zake anaficha bidhaa. Na wiki hiyo hiyo, Balozi akawa kiziwi.

Nilikuwepo. Alikuwa anapandisha gunia la mahindi kwenye baiskeli, akalisukuma kwa bega, mara akaliachia na kushika sikio la kushoto. Alisema baadaye kwamba kitu kilimlia ndani kama kizibo cha chupa. Akayumba hatua mbili, akaanguka, akaanza kutapika, anatushikilia na kusema nchi inazunguka. Tulimbeba. Ilipofika jioni alikuwa anatutazama midomo, na anajibu kwa sauti kubwa mambo ambayo hatujamuuliza.

Mtu anayetapika vile haigizi, hilo nalikubali. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilijisemea: ugonjwa gani huu unaojua tarehe ya amri?

Mtendaji naye alifikiri hivyo hivyo. Alikuja, akasimama nyuma ya Balozi, akapiga makofi karibu na kisogo chake. Balozi hakutikisika. Mtendaji akaondoka anatikisa kichwa, na siku chache baadaye mgonjwa akapelekwa Moshi. Wanawe walisema madaktari walikuta tundu dogo sana ndani ya sikio, wakaliziba kwa kijinyama walichokata hapo hapo kwenye sikio lenyewe. Mtu mzima aliyekuwa akiona sindano anageukia ukutani, akakubali kukatwa kichwani!

Alirudi na masharti. Asipenge kamasi. Akipiga chafya afungue mdomo wote. Asiiname, asibebe hata ndoo, alalie mito miwili, maji yasiguse sikio. Chai ilimwia chungu upande mmoja wa ulimi, na Mama Balozi alilia alipomwona anaikataa, maana sukari yenyewe aliipata kwa kuombaomba. Madaktari walisema kizunguzungu kitaisha, lakini kusikia kutarudi au hakutarudi, wangoje miezi miwili. Kwa miezi hiyo miwili aliketi kwenye kiti nje ya mlango wake, pamba sikioni, kibao cha shule cha mjukuu wake mapajani. Mwenye shida aliandika kwa chaki. Yeye alijibu kwa mdomo, kwa sauti ya kuitisha mkutano.

Pamoja na kibao alikuwa na redio. Betri zake alizianika juani asubuhi zipate nguvu, na saa ya taarifa ya habari aliipakata. Nikamuuliza Mama Balozi, "Kiziwi na redio, wapi na wapi?"

"Anasema anasikia mtetemo kwenye vidole," akajibu. "Inamliwaza. Wewe Mama Eliza, hata mgonjwa unamwonea wivu redio?"

Sisi huku ukipita kwa mgonjwa huwezi kupita kimya, ni lazima umwamkie na ukae kidogo. Kwa hiyo watu walikaa mbele ya Balozi na kuongea, ilimradi midomo ichezecheze. Kwanza mahindi, kwanza mvua. Halafu mtu anagundua kwamba anaweza kusema lolote. Nilimwona kijana mmoja wa mtaani kwetu akimtukana vizuri kabisa kwa uso wa heshima, mikono ameikunja. Nilimwona mama mmoja wa kwaya ameinama mbele yake anaongea robo saa, na alipoondoka alikuwa anajifuta macho. Nyumba kumi zote zilikuwa zimepata mahali pa kuweka mizigo.

Na mimi nikaweka wangu. Nilimpelekea maziwa, nikaketi, Mama Balozi alikuwa ameenda shamba. Baba Eliza alikuwa na wiki mbili hajarudi, na siku ile nilikuwa nimewaona mgambo wakipekua nyumba mtaa wa pili. Nilikuwa nimechoka na woga, ndio ukweli. Nikatabasamu, nikasema kwa sauti ya kueleza habari za maharage, "Balozi, chini ya kihenge changu kuna maboksi manane ya sabuni. Silali. Nikisikia gari tu, nazima taa. Huyu mwanaume atanifungisha."

Balozi akanitazama, akatikisa kichwa taratibu. "Mahindi mwaka huu yatakuwa mazuri!" akapaza. "Viboko wa ziwani wasipoyamaliza!"

Nilicheka hadi nikatokwa machozi. Usiku ule nililala. Nikarudi tena wiki hiyo, na tena. Kila nikikaa pale nilitoka mwepesi.

Mara ya nne alinitangulia kusema. Mkewe alikuwa karibu, anapepeta. "Mama Eliza!" akapaza. "Nguo zako uwe unaanika ndani! Jua la mwezi huu linachubua rangi!"

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Kwenye kamba yangu kulikuwa na mashati mawili ya shule ya wanangu. Shati jeupe lina rangi gani ya kuchubuka? Anasikia huyu, nikasema. Anasikia, na ananiambia kwa njia ya kuzunguka kwamba nipo mkononi mwake.

Kesho yake nikampelekea kipande cha sabuni, nimekificha ndani ya kapu la ndizi. Nilitaka nijue bei yake. Jioni Mama Balozi akakirudisha kimefungwa kwenye jani la mgomba. "Amesema mgonjwa hajaruhusiwa sabuni yenye harufu," akaniambia, na yeye mwenyewe alionekana haelewi alichotumwa. Mtu mwingine angepumua. Mimi niliona kipande kimoja kimemdharau, anataka boksi.

Hapo ndipo nilipoanza kuchunguza shingo. Niliangusha sufuria nyuma yake, akatulia tuli. Nilisema "nyoka" kwa sauti ya kawaida, hakugeuka, ila Mama Balozi aliruka na kunigombeza. Lakini siku moja kifaranga kilichotekwa na mwewe kililia upande wake wa kulia, na ile shingo ikakaza. Kidogo tu. Ilinitosha.

Sikulala tena. Nilimwona ananichungulia hata alipokuwa amefumba macho. Mgambo walikuwa bado wanazunguka, na niliamini kwamba siku bendeji itakapotoka, atakwenda kwa mtendaji kusema amepona, na kutaja yote aliyoyasikia. Nikaamua asiwe balozi tena ifikapo siku hiyo.

Haikuwa kazi ngumu. Nilimwambia jirani mmoja tu, "Unajua Balozi anasikia?" Akaniomba nirudie. Yule kijana aliyemtukana hakupita njia ile wiki nzima. Yule mama wa kwaya alinijia nyumbani kuniuliza kama nina uhakika, na tangu lini. Ndani ya siku nne nyumba kumi zikataka mkutano.

Mtendaji akaja kuusimamia, akapewa kiti cha mbele. Tulikutana uwanjani kwa Balozi, maana haruhusiwi kutembea mbali. Wanaume walizungusha maneno: mzee ni mgonjwa, apumzishwe. Nilichoka kuwasikiliza, nikasimama.

"Tusidanganyane," nikasema. "Huyu anasikia. Miezi miwili anatusikiliza kama mpelelezi aliyepandikizwa hapa. Mimi nina ushahidi. Balozi wa namna hiyo atatumaliza."

Mtendaji akainuka, akachukua kibao, akaandika, akamwekea Balozi mbele ya macho: Unasikia?

Balozi alisoma muda mrefu kuliko maneno yenyewe. Akamtazama mtendaji. Akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimesimama. Halafu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu arudi hakupaza sauti, "Sisikii."

Watu wakaguna. Mtendaji akafuta kibao kwa kiganja na kusema, basi kama hasikii hafai, na kama anasikia ni mwongo, vilevile hafai. Wakauliza nani amrithi. Mimi nikamtaja fundi cherehani wa nyumba ya tatu, mtu mchangamfu, masikio mazima. Wakapiga makofi. Balozi akaingia ndani, Mama Balozi akamfuata na kiti. Kabla ya mavuno walihamia shambani kwao, Singe.

Wiki tatu baada ya mkutano, mgambo walikuja kwangu mchana kweupe wakiongozwa na fundi cherehani. Hawakuhangaika na chumba wala jiko. Walikwenda moja kwa moja uani, wakazunguka kila mahali penye udongo uliochimbuliwa, wakafika kwenye kihenge. Baba Eliza alikuwa nyumbani siku hiyo. Alipata miaka miwili.

Nilimwambia ni Balozi. Nilipokwenda kumwona gerezani, nilimwambia Balozi wa zamani amelipiza kisasi, amemnong'oneza fundi. Kilichotoka kinywani mwangu mwenyewe sikukisema. Naye akaamini, kwa sababu nilikuwa mkewe.

Alitoka. Miaka ikasogea, shida ikalegea, maduka yakajaa sabuni za kila rangi. Siku moja nilimpelekea fundi kitambaa cha gauni la Eliza, yeye akiwa bado balozi, akiwa amekunywa kidogo, akaanza kukumbusha mambo ya zamani huku anapima. Hakuona aibu yoyote. "Mama Eliza, wewe usinilaumu," akasema. "Mimi ni mtu wa nguo. Mtaa mzima mashati ya watoto yamekuwa rangi ya chai, ya wanao meupe kama ya dukani. Niambiwe na nani tena? Kamba yako ilinisemea."

Nikaacha kitambaa pale mezani. Sikumbuki nilivyotoka.

Nilikwenda Singe kwa miguu. Nilimkuta Balozi ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, koti lile lile, nywele zimekuwa nyeupe zote. Mama Balozi aliponiona aliingia ndani, na hakutoka mpaka nilipoondoka. Nilimwamkia, akaitikia. Nikaketi upande wake wa kushoto, nikaanza kusema, naye akainua mkono.

"Hamia huku," akasema, akionyesha kulia. "Hilo halikupona. Hili lilikuwa zima siku zote."

Nikahamia. "Kwa hiyo ulinisikia," nikasema.

"Nilikusikia."

"Na zile nguo?"

"Nilijua fundi ana macho. Nikaona nikuambie." Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Nilisema vibaya. Mashati yalikuwa meupe. Nilikumbuka baadaye."

"Balozi, siku ya mkutano mbona hukujitetea? Ungesema tu. Ungesema ndiyo, nasikia sikio moja, lakini sijamchongea mtu. Mimi nilikuwa nakuvunjia heshima mbele ya watu wote, na wewe umekaa kimya."

Aliendelea kuchambua. "Mtendaji alikuwa mbele yangu," akasema. "Ningesema nasikia, angeniuliza: haya, miezi miwili umesikia nini? Na wewe ulikuwa umesimama pale pale."

Nililia. Sikulia kwa staha, nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na yeye akaniacha nilie. Nilikuwa nimeona aibu nyingine maishani, lakini ile ilinishika mahali ambapo hazijawahi kufika. Nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu kumwondoa mtu mmoja aliyekuwa ameketi kati yetu na jela, na nikamtaja kwa mdomo wangu yule atakayetupeleka.

Nilipotulia, akaniuliza, "Baba Eliza hajambo?"

"Hajambo."

"Tunakutana barabarani siku za mnada. Ananipita bila salamu." Alisema bila lawama, kama anayetaja hali ya barabara. "Mimi ni mtu mzima, Mama Eliza. Inaniuma."

Nilirudi jua likiwa bado juu. Baba Eliza alikuwa anakula. Niliketi mbele yake, nikamweleza yote, kuanzia maziwa niliyompelekea mgonjwa hadi maneno niliyoyasema nikicheka, nikamwambia ni mimi na si mwingine. Nilipomaliza alisukuma sahani, akanawa, akachukua koti lake msumarini. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Singe," akasema, na hakunitazama.